Watu wa Kuja katika Milima ya Upare

Mtu akiondoka Same asubuhi kushika njia ya Kisiwani, milima huwa mkono wake wa kuume, na nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto. Juu ni ukungu na migomba. Chini ni vumbi na miiba. Njia hiyo tuliifuata hata kupita Gonja, tukiwaza jambo moja: ni nani mwenyeji wa nchi hii?

Maana sisi Wapare nasi tulikuja. Wazee wa koo nyingi husimulia ya kuwa babu zao walivuka nyika wakitoka milima ya Taita, wengine kwa njaa, wengine kwa magomvi ya ndugu. Kule Ugweno, upande wa kaskazini, Washana walikuwa wahunzi, na chuma chao kiliwapa heshima na utawala, hata ukoo wa Wasuya ulipowanyang'anya. Utawala uliwatoka, lakini nyundo ilibaki mkononi mwao. Wambugu walikuja na ng'ombe wakikimbia vita, wakatafuta majani ya vileleni, na wengine wakaendelea mpaka Usambara. Bondeni hakuna aliyependa kukaa, kwa kuwa ndiko zilikopita safari za wauza watumwa.

Hata Wadachi walipojenga reli kutoka Tanga kwenda Moshi, ikipita hapa Same, bonde likafunguka. Na mkonge ukafuata. Mmea huo nao ni mgeni: Hindorf aliuagiza kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ingali hai. Kwa ajili ya miche hiyo watu wakaletwa toka mbali, Wangoni, Wabena, Wanyamwezi, Waha, wakitafuta fedha ya kodi. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo sababu wakaitwa manamba.

Huko Marekani kwenyewe mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waairishi walivuka bahari kwa njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845. Walidharauliwa kwanza, kisha watoto wao wakawa wakubwa wa miji. Wachina waliojenga reli walifungiwa mlango kwa sheria ya mwaka 1882, isiondolewe mpaka 1943. Na watu weusi, waliofika zamani kuliko wengi wa hao, hawakwenda kwa hiari yao bali kwa minyororo, na haki yao ilikawia kuliko ya wote. Basi kufika mapema hakumpi mtu kiti.

Katika kijiji kimoja tulikaribishwa na mzee, mwana wa manamba. Baba yake alitoka upande wa Songea akiwa kijana, akikusudia kukaa miaka miwili. Akaoa, akazikwa hapo. Bei ya katani ilipoanguka, kambi ikabomoka, na mzee akabaki akilima mahindi mahali pakavu.

"Mwalimu," alituambia, "nimezaliwa hapa. Mama yangu ni Mpare wa mlimani. Lakini nilipoomba kipande cha shamba karibu na mfereji, niliulizwa, 'Kwenu wapi?' Nikanyamaza. Ningewajibu nini?"

Hatukuwa na neno. Sisi wenyewe tulipokuwa wavulana tuliwacheka watoto wa kambini, tukiwaita watu wa kuja, wala hatukukumbuka kwamba ukoo wetu wasema ulitoka Taita.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kazi ya marehemu baba yake, iliyokunjwa mara nne. Macho yake hayaoni vema tena, akatuomba tumsomee mahali palipoandikwa jina la kijiji chao cha kwanza, ili akiulizwa tena apate la kujibu. Tuliigeuza kadi juani, upande huu na huu. Wino wa jina ulikuwa umefutika. Namba ilisomeka vizuri.