MAMA MKOREA, BABA MJERUMANI, YEYE AJICHORE VIPI?

Wadau, kujichora mwenyewe kunaonekana kazi rahisi, kumbe bana! Kuna dada mmoja mchoraji huko Ujerumani, imemchukua miaka. Mama yake ni Mkorea, baba Mjerumani, na kila akifika kwenye macho, brashi inagoma.

Iko hivi. Miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa bado maskini baada ya vita, na Ujerumani Magharibi ilikuwa inatafuta watu wa kazi kwa udi na uvumba. Kuanzia 1963 wanaume wa Kikorea walienda kuchimba makaa ya mawe. Wanawake wakafuata kuuguza wagonjwa, na wauguzi peke yao walizidi 10,000. Mama yake alienda kwa mkataba wa miaka mitatu. Akapendwa, akaolewa, akabaki. Habari za kwao akazifungia moyoni.

Binti kakua hajui Kikorea. Shuleni wenzake walikuwa wanavuta macho kwa vidole na kumwita Mchina. Alipokuwa mkubwa akaenda Seoul, akijua huko ndiyo nyumbani. Wauza maduka wakamsemesha Kiingereza! Hata sheria ilishamkataa zamani, maana mpaka mwaka 1998 Korea Kusini mtoto alikuwa anarithi uraia kwa baba. Mama kuwa Mkorea haikutosha.

Sasa hasira zote akazipeleka kwenye picha. Chuoni alifundishwa rangi za mafuta juu ya kitambaa, Kizungu kabisa. Yeye akachukua hanji, ile karatasi ya Kikorea inayotengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mforosadi, akajichora humo kwa rangi za mafuta. Alitaka pande zake mbili zikae pamoja. Wapi! Karatasi ikanywa mafuta, doa la njano likasambaa kichwa kizima. Akataka kuichana.

Mama yake, bibi wa miaka themanini sasa, akamshika mkono. Akaligusa lile doa taratibu. "Sakafu ya kwetu ilikuwa hivi," akasema.

Kumbe nyumba za zamani za Kikorea sakafu inapashwa moto kwa chini, na juu yake wanabandika hanji iliyopakwa mafuta mpaka inakuwa ya njano. Bibi akaanza kuongea. Nani alikuwa analala upande wenye joto, nani alikuwa anapaka mafuta, siku anaondoka nani hakutoka nje kumuaga. Mambo ambayo binti hajawahi kuyasikia tangu azaliwe.

Picha haikuchanwa. Wachoraji wanajua mafuta yanaila karatasi polepole, kwa hiyo siku moja itavunjika. Dada analijua hilo, na macho bado hajayachora. Kwa sasa kila Jumapili anakaa na mama yake, anapaka mafuta karatasi nyingine, anasikiliza. Bibi ana miaka themanini, wadau. Uso unaweza kusubiri.