Saa za Uwanja

Sikuchaguliwa kuwa mweka hazina wa klabu kwa sababu ya mpira. Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Tanga, na wazee wa klabu walikuwa na hoja moja tu: mtu anayewalipa wakata mkonge kwa idadi ya mafungu hawezi kulaghaiwa kwa maneno. Mkata mkonge hakwambii kwamba amejituma sana. Anakuonyesha mafungu, unahesabu, unaandika. Nikaambiwa, "Bi karani, njoo utuhesabie na sisi." Nilikuwa pia nacheza mpira wa pete katika klabu hiyohiyo, lakini hilo hakuna aliyelitaja kwenye mkutano.

Tanga ya wakati ule ilikuwa imelewa mpira. Coastal Union walikuwa wametwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, African Sports nao hawakutaka kusahauliwa, na kila timu ndogo ya Ngamiani iliamini kwamba Mkwakwani inaisubiri. Yetu ilikuwa mojawapo. Tulikuwa na ukumbi mmoja wa mabati, kiwanja cha mchanga, kabati la vikombe, na wanachama wanaokumbuka ada pale tu timu inaposhinda. Mapato yaliyobaki yalitoka kwenye bakuli. Mechi ikikaribia bakuli linapitishwa: nauli, dawa ya misuli, supu ya wachezaji. Palikuwa na mfadhili pia, akatupa jezi na mipira, na siku alipokosana na mwenyekiti akaja na gari akavichukua vyote mpaka nyavu za magoli.

Nilianza na kiingilio, kama yeyote angeanza. Nikachapisha tiketi zenye vishina, nikawa nalinganisha vishina na fedha kila baada ya mechi. Mlangoni pakatulia, wizi mdogomdogo ukaisha, na bado hela haikutosha, maana uwanja haukuwa na ukuta. Palikuwa na michongoma yenye mapengo, na mwembe wa jirani uliobeba watazamaji wengi kuliko jukwaa. Wenzangu katika kamati wakataka tuukate mwembe. Mimi nilikuwa natazama baiskeli.

Anayeijua Tanga anajua habari ya baiskeli. Siku ya mechi zilikuwa zimelazwa huku na huku, na kila mwenye baiskeli alitazama mpira kwa jicho moja. Nikaweka kamba, vijana wawili, na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, nusu kwenye usukani, nusu mkononi kwa mwenyewe. Watu waliokwepa kiingilio kwa kupenya michongomani walilipia ulinzi wa baiskeli bila kubishana. Ziko mechi ambazo baiskeli ziliingiza kuliko mlango. Tangu hapo nikaacha kufikiria tunauza mpira. Mpira uliwaleta watu tu, na walipokwisha kufika walikuwa na shida nyingine ambazo wangelipia kwa moyo mkunjufu.

Kisha ikaja televisheni. ITV walianza kurusha matangazo mwaka 1994, na haukupita muda madishi yakaota juu ya mapaa na ligi ya Uingereza ikatuchukulia Jumamosi alasiri yote. Wazee walikasirika. Mmoja alipendekeza tuwafungie uanachama wanaokwenda kutazama Arsenal wakati timu yao inacheza. Nilimwambia, kwa heshima, mzee wangu, hapo tutabaki mimi na wewe na mwamuzi. Tukahamishia mechi zetu Jumapili, tukanunua dishi kwa mkopo wa mwanachama, na ukumbi wa mabati ukawa kibanda umiza. Joto lilikuwa halisemeki. Lakini fedha ya kibanda ndiyo iliyojenga vyoo, na habari ya klabu yetu, nikiisimulia kwa haki, ni habari ya vyoo.

Wanaume hawakuona tatizo. Walikuwa na ukuta wa nyuma ya ukumbi. Sisi wa mpira wa pete tulikuwa tunabisha hodi nyumba za jirani, tena tukiwa na sketi za mchezo, na kuna nyumba hazikutufungulia. Wasichana wakifika umri fulani walikuwa wanaacha mazoezi, na viongozi wakadhani wamechumbiwa. Nilipoleta hoja ya vyoo kwenye kamati nilijibiwa kwamba jezi kwanza. Nikasubiri jezi zinunuliwe, nikaileta tena.

Kujenga choo pale si jambo la kuita fundi na kumwachia. Wakati wa masika maji ya chini hupanda sana. Shimo la kawaida hujaa na kurudisha vyote juu. Tuliinua sakafu kwa mawe, ngazi tatu kutoka ardhini, tukajenga karo la matofali lenye vyumba viwili vilivyopigwa lipu ndani, ili uchafu ukae upande mmoja na maji yatoke upande mwingine. Upande wa wanawake nilisimamia mwenyewe: milango inayofungika kwa ndani, ndoano za kutundikia mikoba, bomba la maji ndani ya kila choo, na taa. Kijana wa usafi akalipwa mshahara, si posho ya huruma. Fundi alinitania kwamba najenga hoteli.

Baada ya hapo simu ya klabu haikupumzika. Harusi, maulidi, mikutano ya vikoba, mahafali ya chekechea. Familia inayotafuta mahali pa shughuli huwatuma kina mama waje kukagua, na kina mama hawaanzi na ukumbi, wanaanza na choo. Viti na turubai tulikuwa tunaazima. Tukanunua vyetu, vikawa vinakodishwa hata kwa shughuli za mitaani. Wazee walilalamika kwamba chumba cha vikombe kinanuka pilau. Kilinuka kweli.

Sehemu ya fedha hizo nikaipeleka kwenye kiwanja cha zege. Cha mpira wa pete kinataka mita 30.5 kwa 15.25, na cha kikapu mita 28 kwa 15, kwa hiyo ukimwaga zege ya kile cha kwanza na kuacha nafasi ya kutosha pembeni, cha pili kinaingia ndani yake, na mpira wa wavu unapata mahali bila gharama. Mistari tukaipaka rangi tofauti. Kilipokauka nilitundika ubao mweusi mlangoni mwa ofisi, nikauchora kama daftari la mahudhurio la shambani, siku juu, saa pembeni. Hapo ndipo tulipoona utajiri wetu uliko. Uwanja mzima ulikuwa unatumika kuanzia saa kumi jioni mpaka magharibi. Saa nyingine zote zilikuwa zimelala.

Alfajiri tukawapa vikundi vya mbio za pole, kwa ada ya mwezi. Asubuhi zikachukuliwa na shule za binafsi zisizo na viwanja, kwa mkataba wa muhula. Usiku, tulipoweka taa, wakaja maveterani wa maofisini, watu wenye vitambi na fedha, wasiouliza bei mara mbili mradi kuna maji ya kuoga. Mwezi wa Ramadhani ubao uligeuka wenyewe: mchana mweupe, na baada ya tarawehe mashindano mpaka karibu na daku, kina mama pembeni na mihogo na kahawa, kila mmoja akilipia meza yake. Alasiri niliiandika kwa chaki nyekundu: watoto, bure. Hata siku mwenyekiti alipomwahidi rafiki yake saa hiyo, chaki ilibaki palepale.

Nyasi zilinipa maadui wengi zaidi ya vyoo. Tulipanda ukoka mwanzoni mwa masika, vipandikizi kwa mikono, shibiri kwa shibiri, baada ya kuinua katikati ya kiwanja kidogo ili maji yateremkie pembeni. Ukoka ni mvumilivu kuliko majani yoyote ninayoyajua, lakini unataka mapumziko ukiwa mchanga, na hakuna mtu anayeelewa kwa nini uwanja wa kijani ufungwe. Mapato yalishuka, makocha wakaninunia, na mbuzi wa jirani wakawa wanakula mtaji wetu usiku. Mvua zilipokwisha kiwanja kikafunguliwa, na timu za mitaa mingine zikaanza kuomba kukodi kwa bei ambayo kiwanja cha mchanga kisingeipata kamwe.

Jaribu kubwa lilikuwa fremu. Eneo letu linapakana na barabara, na mfanyabiashara mmoja alikuja na ofa ya kujenga maduka ubavuni mwa uwanja, kwa urefu wote, na kutulipa kodi ya miaka mitatu mkononi. Mkutano ulimpigia makofi. Mimi nilikwenda na futi ya fundi. Sheria za mpira hazikubali upana chini ya mita 45, nasi hatukuwa na ziada kubwa. Nikaomba vijana wawili waivute futi mbele ya wanachama wote, kisha nikasimama pale ambapo ukuta wa nyuma wa maduka ungefika. Nilikuwa nimesimama ndani ya mstari.

Fremu zilijengwa, ila nyuma ya goli, upande mfupi, chache kuliko alivyotaka mfanyabiashara yule. Hati ya kiwanja iko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, kwa hiyo hakuna mwenyekiti aliyeweza kusaini peke yake, na hilo limetuokoa zaidi ya mara moja. Wapangaji walijenga kwa fedha zao na kujikatia kwenye kodi mpaka gharama ikaisha. Kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango, nikawafundisha kuiwasilisha mapema. Machi 2020, ligi iliposimamishwa kwa ajili ya Korona na shughuli ukumbini zikakauka, fremu ndizo zilizomlipa mlinzi na kijana wa vyoo.

Siku hizi malipo yote yanapita kwenye simu, na bakuli limekufa. Kuna wazee walioumia. Bakuli lilikuwa linaonyesha hadharani nani ametoa na nani amekohoa tu.

Nilipong'atuka, hazina ilichukuliwa na kijana wa chuo, na jambo lake la kwanza lilikuwa nyasi bandia. Hesabu yake ilikuwa nzuri: saa nyingi zaidi, hakuna kufunga masika. Nilimuuliza mambo mawili. Jua la Tanga saa nane mchana zulia lile litakuwa na joto gani, na likichakaa baada ya miaka minane au kumi, fedha ya kulibadili iko kifungu gani? Alirudi na kifungu. Alirudi pia na ubao mpya wa saa, wa kompyuta, ambao alasiri ilikuwa imepewa akademi ya kulipia.

Tulibishana mpaka magharibi, yeye akiniita mama kwa adabu na kukataa kila nilichosema. Mkutano ukaamua akademi ipate Jumamosi asubuhi, na alasiri iingizwe kwenye katiba ya klabu ili isihamishwe na mweka hazina yeyote. Zulia bado linachangiwa. Kwa sasa ukoka upo, masika haya tumefunga kama kawaida, na mwenye mbuzi ameshapelekewa barua.