Kulala Porini katika Nchi ya Warendille

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za safari yetu ya pikipiki katika nchi iliyo baina ya Isiolo na Ziwa Turkana, kaskazini ya Kenya. Tulisafiri peke yetu, na kila usiku tulipiga hema porini, mbali na miji na nyumba za wageni. Wako watu waionao desturi hii kuwa mchezo wa wasio na kazi, na wako waionao kuwa hatari tupu. Sisi twaona kwamba ina mafundisho yake, nayo yahusu jambo lililo kubwa kuliko hema, yaani swali hili: nchi isiyo na nyumba wala shamba ni ya nani?

Zamani njia ya kutoka Isiolo kwenda Marsabit hata Moyale ilikuwa ya mawe na vumbi, na malori yalikwenda kwa misafara pamoja na askari kwa kuwaogopa wanyang'anyi. Sasa njia hiyo imetiwa lami yote. Kutoka Isiolo mpaka Marsabit ni kilometa 260 hivi, na mwenye pikipiki aweza kuzimaliza kabla ya adhuhuri. Huvuka mto Ewaso Ng'iro penye Archer's Post, kisha huuona mlima Ololokwe upande wa kushoto, umesimama kama ukuta, na baada yake nchi hushuka na kukauka. Sisi hatukwenda hata Marsabit. Tulipofika Laisamis tuliiacha lami tukaelekea magharibi, tukashika njia ya changarawe iendayo South Horr na Loiyangalani. Njia hii, kadiri ya kilometa 208, ilitengenezwa upya ili kupitisha vyuma vikubwa vya mitambo ya upepo, ambayo tutaieleza mbele.

Mizigo yetu ilikuwa michache. Pikipiki ilikuwa ndogo, ya namna ile ile waitumiayo waendesha bodaboda, kwa kuwa vipuri vyake hupatikana katika kila kituo, na fundi wa kijijini anaijua kama aujuavyo mkono wake. Tulichukua galani ya petroli ya lita 5, maji lita 15, hema, blanketi, sufuria, unga, majani ya chai na sukari, pamoja na pampu na viraka, maana miiba ya migunga ya nchi ile hupenya mpira kama sindano. Vitu vizito tulivifunga chini, karibu na magurudumu, kwa sababu mzigo ukikaa juu pikipiki huyumba mchangani. Kila tulipopita kituo cha polisi tuliwaarifu askari njia yetu na mahali tulipokusudia kufika. Mtu aendaye peke yake hana mwenziwe wa kumtafuta. Basi yampasa kuwaachia wengine habari zake.

Katika kuchagua mahali pa kulala ziko kanuni ambazo kila mchungaji wa nchi ile anazijua tangu utoto. Ya kwanza ni hii: usilale katika lagga. Lagga ni mto mkavu wa mchanga. Huonekana kuwa kitanda kizuri kabisa, kwa kuwa mchanga wake ni laini na una kivuli cha miti kando yake. Lakini mvua yaweza kunyesha usiku juu ya milima ya Ndoto, nanyi msione hata tone moja, kisha maji yakashuka kwa kishindo yakachukua hema, pikipiki na mtu. Kanuni ya pili: usilale juu ya njia ya wanyama iendayo majini, maana ngamia na fisi huitumia pia gizani. Ya tatu: kung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvivaa, kwa ajili ya nge. Na ya nne: simama mapema, kwa kuwa karibu na ikweta jua likichwa giza huingia upesi, wala hakuna machweo marefu ya kumsaidia mtu mvivu.

Walakini iko kanuni nyingine, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike habari hizi. Desturi ya kusafiri peke yako na kulala porini imestawi sana katika nchi za Ulaya, na huko ina taratibu zake. Kwa mfano, Uskoti wana sheria ya mwaka wa 2003 impayo kila mtu ruhusa ya kulala katika hema juu ya sehemu kubwa ya nchi isiyolimwa, asiombe idhini ya mtu, mradi asiharibu kitu. Ingawa ruhusa hiyo haiwahusu waendeshao vyombo vya moto. Na mahali pengi pasipo na ruhusa kama hiyo, wasafiri hushauriana wajifiche: wafike jioni, wasionekane na mtu, waondoke alfajiri. Shauri hilo laweza kufaa kwao. Katika nchi ya Warendille laweza kuleta msiba.

Siku ya pili jioni tulifika mahali palipotupendeza, upande wa magharibi wa Laisamis. Palikuwa na ardhi iliyoinuka kidogo, na juu yake duara ya boma la kale, miiba yake imekauka na kuwa myeupe. Majani yalikuwa yakisimama mengi kuliko tulivyoyaona mahali pengine kutwa. Hapakuwa na nyumba, wala moshi, wala sauti. Tulizima injini, nasi hatukufungua mizigo, maana boma ni kazi ya mikono ya watu, na majani mengi katika nchi kavu ni dalili ya kwamba yuko aliyeyazuia yasiliwe. Basi tukasimama mahali peupe kando ya pikipiki, tukangoja. Haikupita nusu saa, wakatokea vijana wawili na mtoto mmoja wa kiume. Mmoja wa vijana alikuwa na bunduki begani.

Yule mwenye bunduki alituuliza kwa Kiswahili, "Mbona umesimama tu?"

Tukamjibu, "Twawangoja ninyi, wenye mahali hapa. Twataka kuomba ruhusa ya kulala."

Wakatazamana, mtoto akacheka, nao wakatuongoza kwa mguu, sisi tukiisukuma pikipiki, mpaka kwenye kambi yao nyuma ya kilima. Nyumba za Warendille ni fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka na ngozi. Watu wakihama huzivunja na kuzipakia juu ya ngamia. Huko tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya kibao. Tulimwamkia, naye kijana akatufasiria maneno yake.

Mzee alisema, "Mgeni, unaiona nchi hii kuwa tupu kwa sababu sisi tumeiacha. Tumeiacha ili majani yapate kusimama. Miezi ya kiangazi itakapokuwa mikali, ndipo tutakaporudi na wanyama. Mtu akija akasema hapana mwenyewe, atakuwa amekula akiba yetu."

Tukamwuliza kama tungalifanya vibaya kupiga hema pale pale bomani na kuondoka alfajiri. Akajibu, "Taa ndogo ikionekana usiku mahali ambapo hapana mtu, vijana wangu hawatasema ni mgeni. Watasema ni wezi wa mifugo, wamekuja kututazama. Ukijificha unatutisha sisi, na mtu aliyetishwa hana subira. Ukionekana, wewe u mgeni, na mgeni ana mahali pake."

Maneno hayo hayakuwa ya bure. Wizi wa mifugo kwa silaha umeua watu wengi katika nchi zile, na mwaka wa 2005 watu kadha wa kadha waliuawa katika shambulio la Turbi, kaskazini ya Marsabit, wakiwamo watoto wa shule. Watu walioona mambo kama hayo hulala usingizi mwepesi. Basi msafiri akijificha kwa hofu yake, huwatia hofu waliomzunguka, na hofu mbili zikikutana gizani hapana ajuaye mwisho wake.

Tulionyeshwa mahali pa hema, hatua chache kutoka kwenye boma la miiba walimolala ngamia. Tulitoa sukari na majani ya chai, nao wakatupa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa kuwa vyombo vyao husafishwa kwa kaa la moto. Usiku kucha tulisikia kengele za mbao zilizofungwa shingoni mwa ngamia zikigonga polepole, na mara moja mbwa wakabweka, na mtu akaamka, akazunguka boma, akarudi kulala. Tulifahamu kwamba mtu yule aliilinda pia pikipiki yetu.

Asubuhi tulikwenda nao kisimani. Kisima chenyewe ni shimo lililochimbwa katika mchanga wa lagga, nalo huchimbwa tena kila mafuriko yakilifukia. Waliolichimba ndio wenye zamu ya kwanza; wengine hungoja zamu zao kwa mpango unaojulikana. Kijana akatuambia, "Maji ya kunywa hanyimwi mtu. Ya kuoga, hapana." Tukajaza lita zetu, wala hatukuosha hata uso.

Kutoka hapo tulipita South Horr, kijiji chenye miti mirefu na maji, kilicho bondeni karibu na mlima Nyiro, kisha tukatokea katika uwanda wa mawe meusi ambapo upepo hauna mapumziko. Hewa hupita kwa nguvu baina ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na joto la jangwa huuzidishia mwendo. Mwenye pikipiki huinamia upande mmoja kwa saa nzima ingawa njia imenyoka. Hapo ndipo ilipojengwa mitambo 365 ya upepo, yenye nguvu ya megawati 310, nayo ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka wa 2018. Ni kazi kubwa, na umeme wake ni faida kwa nchi yote.

Lakini ardhi ya mradi huo, ekari 150,000, ilikuwa malisho. Wakati ilipotolewa haikuwa na mashamba wala majumba mengi, na wenyeji walilalamika kwamba hawakushirikishwa kama ilivyopasa. Walikwenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru ikahukumu kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia ya sheria, ingawa ilitoa nafasi ya kuzitengeneza, na mashauri yakaendelea baada ya hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inaitambua ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka wa 2016 ikaeleza namna jamii iwezavyo kuiandikisha. Tulipokuwa tukipita chini ya mapanga yale makubwa yakizunguka, tuliyakumbuka maneno ya mzee: akiba huonekana kama utupu machoni pa asiyejua kuhesabu majira. Shauri la hema moja na shauri la ekari 150,000 latokana na shina moja.

Kisha njia ilipanda kidogo, nalo ziwa likaonekana chini yetu, rangi yake ya kijani kama jiwe la thamani. Ziwa Turkana lina eneo la kilometa za mraba 6,400 hivi, na maji yake yana magadi. Mwaka wa 1888 Teleki na mwenziwe von Höhnel walilifikia, wakaliita kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, kana kwamba halikuwa na jina. Hali Waelmolo walikuwa wakivua samaki humo, na Waturkana wakinywesha mifugo pwani yake. Jina la Turkana lilipewa rasmi mwaka wa 1975. Huko Loiyangalani tulilala karibu na minazi ya jangwani, iitwayo mikoma, baada ya kuuliza mwenye mahali. Usiku upepo ulishuka kutoka mlima Kulal kwa nguvu, nasi tukazilemeza kamba za hema kwa mawe meusi, kila kamba jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe.

Basi, wasomaji, ikiwa yuko kati yenu kijana mwenye pikipiki ambaye moyo wake unatamani safari kama hii, hatumkatazi. Achukue maji zaidi ya ayaonayo kuwa yatosha. Asikate mti mbichi kwa moto wake. Asiache mfuko wa plastiki hata mmoja, maana mbuzi huula ukamziba tumbo akafa, na mbuzi mmoja ni karo ya mtoto. Akute mtu au asikute, asiseme kwamba pori halina mwenyewe. Na kila siku asimame saa kumi za jioni, jua lingali juu, ili apate wakati wa kuuliza, na wakati wa kwenda mbele akijibiwa hapana.