Nazi ikiangukia gari lako Diani, nani alipe?

Ukivuka feri ya Likoni na kuelekea kusini, mwendo wa kilomita 30 hivi utakufikisha Diani, Kwale. Mchanga ni mweupe kama unga, na nyumba za kupangisha wageni zimejificha chini ya minazi. Baada ya safari ndefu kutoka Nairobi, utatafuta kivuli cha kuegesha gari. Kabla ya kuzima injini, tazama juu.

Nazi iliyokomaa huwa na uzito wa kilo moja na zaidi, na mnazi waweza kupita mita 20. Upepo wa kusi ukivuma, kioo cha gari hakisalimiki.

Je, nani atalipa? Sheria ya Kenya, Sura ya 34, yamtaka mwenye mahali achukue hadhari ya kutosha ili mgeni na mali yake wasidhurike. Pwani kila mtu ajua kwamba mkwezi huitwa aangue nazi kabla hazijaanguka zenyewe. Mwenye nyumba aliyepuuza hilo, kisha akakuelekeza uegeshe papo hapo, ana la kujibu. Kibao cha onyo peke yake hakimwokoi, ila kikimwezesha mgeni kuiepuka hatari. Lakini ukitia sahihi mkataba unaomwondolea lawama, huenda ukaula wa chuya. Na kama bima yako ni ya kulinda watu wengine tu, haitakulipa hata ndururu.

Basi uliza kabla ya kulipa: gari litalala wapi, na nazi zilianguliwa lini? Ikibidi, liache juani. Joto hutoka ukifungua madirisha. Paa lililobonyea halijinyooshi.