Bibi Alipokataa Kuhesabu



Wiki tatu kabla ya harusi ya mdogo wetu tulimpeleka Bibi kupimwa kumbukumbu. Haumwi. Alisahau jina la bwana harusi mara mbili, basi tukaanza kunong'ona jikoni: kweli tumwachie yeye mwari wetu amfunde?

Kipimo kilikuwa kile kiitwacho MoCA, chenye alama 30. Saa tano na dakika kumi aliichora sawasawa. Simba, kifaru na ngamia aliwataja. Kisha akaambiwa atoe saba katika mia, aendelee kutoa. "Tisini na tatu," akasema. Akanyamaza. Akavuta buibui lake: "Basi mwanangu, mimi nakwenda kuswali." Adhuhuri ilikuwa bado kabisa.

Kijana aliyempima akaandika kuwa ameshindwa, nasi tukaamini.

Usiku ule mpishi akaja. Bibi, bila kalamu: "Watu mia tatu, kilo moja watu wanane, ni kilo thelathini na nane. Weka arubaini, majirani hawakosi." Tukatazamana.

"Bibi, mbona kule ulikataa?"

"Nilikuwa naweza. Lakini mmenizunguka wanne, na yule mtoto anaangalia saa. Nikikosea mbele yenu, kesho mtaninyang'anya hata funguo za kabati."

Hatukuwa na la kusema, maana la funguo tulikuwa tumeshalizungumza.

Baadaye tukasoma kuhusu kipimo kigumu zaidi, PASAT, cha kujumlisha namba zinazosomwa kila sekunde 3. Ukisikia tatu, kisha tano, unasema nane. Ikija mbili unasema saba, si kumi, kwa sababu unajumlisha na namba uliyoisikia, si jibu ulilolitoa. Hata wazima wenye akili timamu hukiacha njiani. Tulijaribu wenyewe sebuleni. Dada yetu mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikasirika na kuondoka kabla ya dakika kwisha. Hakuna aliyemwambia amezeeka.

Mwari akabaki mikononi mwa Bibi, singo na mafunzo yote.

Harusi ilipokwisha tulimrudisha, asubuhi, akiwa hajachoka. Safari hii aliingia peke yake na muuguzi wa kike, mtu mzima, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kufungua karatasi. Sisi tulikaa nje kwenye baraza. Mlango haukufungwa vizuri, tukamsikia: "Themanini na sita... sabini na tisa... ngoja, usinihimize... sabini na mbili."