Karatasi ya Mama wa Songambele

Sisi mafrateri tuliotumwa Songambele wakati wa likizo tumezoea kuombwa tusome barua. Safari hii mama mmoja wa jumuiya alituletea majibu ya vipimo vya hospitali, yameandikwa kwa Kiingereza. Miaka kadhaa iliyopita aliondolewa utumbo mpana wote, kwa sababu ulijaa vivimbe vya ugonjwa wa kurithi ambao, ukiachwa, karibu kila mara huishia kuwa saratani. Mwisho wa utumbo mwembamba ukakunjwa na kushonwa kuwa mfuko wa kutunzia kinyesi, ukaunganishwa na njia ya haja kubwa. Upasuaji huo ulielezwa mwaka 1978 na Alan Parks na John Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London. Kwa hiyo mama huyu havai mfuko wa plastiki tumboni. Anapalilia migomba yake kama wengine.

Karatasi ilisema nyama ya ndani ya mfuko imebadilika. Jirani akamwambia saratani imerudi, naye akaacha kwenda kupimwa.

Neno lililomtisha ni metaplasia. Kigiriki chetu cha darasani kilitusaidia nusu tu: ni kubadilika umbo. Nusu nyingine alitueleza tabibu wa zahanati. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo sana vya kufyonza chakula. Kinyesi kikituama pale siku zote, vijidole hufupika, vishimo vilivyo kati yake hurefuka, na hata ute huanza kufanana na ule wa utumbo mpana. Utumbo unajizoesha kazi mpya, na hiyo peke yake si saratani. Mfuko ukipata uvimbe wa maradhi, mtu hukimbilia chooni mara nyingi, pengine kwa homa au damu, na mara nyingi antibiotiki humtuliza.

Mama alicheka kwa mara ya kwanza. Lakini tabibu hakuishia hapo. Kwa wenye ugonjwa huu vivimbe vipya vyaweza kuota ndani ya mfuko wenyewe, hivyo kipimo cha kamera lazima kirudiwe. Tena kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Anao wanne, mkubwa yuko kidato cha pili.

"Wanangu, mimi nitakwenda," alituambia. "Ila huyu nitamwambiaje?"

Tulikaa naye mpaka kijana aliporudi kutoka shuleni. Jumuiya imechanga nauli ya watu wawili, na wanaondoka Jumatatu.