Mijusi Wawili Katika Ndoo Moja

Katika nyumba zetu mjusi kafiri hana mtetezi. Hata jina tulilompa lamhukumu kabla ya kusikilizwa. Wengi husema ana sumu, na watoto humpiga kwa kandambili wakidhani wametenda jambo jema. Chakula alichoangukia ni vema kumwagwa kwa ajili ya usafi, lakini sumu hana. Usiku kucha hula nondo, mbu na mende wadogo, wala hadai mshahara.

Mwaka jana mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la tano hapa Busunzu, alikamata wawili akawatia katika ndoo ya plastiki, juu akafunga kitambaa chepesi. Kila jioni aliwapelekea panzi na kumbikumbi. Siku ya tatu asubuhi mmoja alikuwa hana mkia, na ubavuni ana alama za meno. Mtoto akaja na ndoo yake mpaka ofisini, nami nikiwa katikati ya kuandika majina ya waliobatizwa.

"Shikamoo, mjomba. Hawa niwaweke pamoja au mbalimbali?"

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu, tuliambiwa kwamba swali la mtoto lisijibiwe kwa kumfukuza. Basi nikafunga kitabu, tukawageuza matumbo juu. Wote wawili walikuwa na safu ya vitundu vidogo chini ya mapaja, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Hao ni madume. Jike hana safu hiyo. Ukutani kila dume ana eneo lake, na mgeni akiingia hufukuzwa. Aliyeshindwa hukimbia, na vita vimekwisha. Lakini ndani ya ndoo akimbilie wapi? Mkia wenyewe aliuachia ili aokoe roho.

Dume na jike waweza kukaa pamoja, na majike kadhalika, ikiwapo nafasi ya kutosha na mahali pa kujificha kwa kila mmoja. Madume wawili, hapana. Na vitoto vitengwe kabisa, maana mjusi mkubwa humla mdogo pasipo kuuliza ukoo.

Swali hilo la mpwa wangu huulizwa hata Ulaya, ambako watu hufuga mijusi katika masanduku ya kioo. Mmoja waliyempenda mno ni wa kwetu Tanzania: yule mdogo wa msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, Morogoro. Dume lake ni la buluu kama anga baada ya mvua. Jike ni la kijani. Hukaa juu ya mikadi, miti yenye majani marefu ya miiba, na dume mmoja hutawala mkadi wake asitake dume mwingine. Watafiti walikadiria kwamba tangu Desemba 2004 hadi Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi kati ya 32,310 na 42,610. Ili kuwafikia, mikadi ilikatwa. Hivyo dume aliuzwa, na mti wake ukalala chini, asiweze mwingine kuurithi. Tangu mwaka 2017 mapatano ya mataifa yamekataza biashara ya hao wanaokamatwa msituni.

Nilipomsimulia mpwa wangu habari hiyo, alitazama ndoo yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi na hawa nimewatoa kwao." Akafungua kitambaa.

Mwenye mkia alipelekwa jikoni kwa dada yangu, ambaye hakufurahi sana. Aliyejeruhiwa aliachwa kwenye ukuta wa ofisi, mbali na mwenzake. Mkia wake umeota tena, mfupi, mnene, wenye rangi tofauti kidogo na mwili, na jioni nikiwasha taa ya sola ndiye wa kwanza kufika.